Uzi: Kwa nini jiko la kulisha wahitaji hujaa watu Ramadhani na Krismasi, kisha wakatoweka?

#1 MwikoMrefu (Mombasa)

Assalaam alaikum na habari zenu, wanajukwaa.

Swali langu nalielekeza hasa kwa wale waliowahi kushika mwiko au upawa katika jiko lolote la kulisha wahitaji, liwe la msikiti, la kanisa, la hekalu au la mtaa. Jiko letu liko Mombasa, na tunapikia wazee wasio na wa kuwaangalia, watoto wanaolala nje, na vibarua waliorudi mikono mitupu siku hiyo. Mwezi wa Ramadhani, tukianza kuandaa futari, watu wa kujitolea hufurika hadi wengine hukosa la kufanya. Utamkuta kijana mmoja anamenya viazi huku watatu wamemsimamia wakisubiri awaachie kisu. Wiki ya Krismasi mambo huwa hayo hayo. Ikiingia Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, au ile Januari ambayo wenzetu wa Nairobi huiita Njaanuari, hubaki akina mama wachache na mzee mmoja wa kuchochea moto, ilhali mstari wa wanaokula haujapungua hata kidogo.

Dai langu ni kwamba wengi wetu tunafuata thawabu za msimu, na mtu mwenye njaa tunamfikia kwa sababu yumo njiani. Thawabu ni jambo jema na mimi pia ninazitaka, lakini njaa haina msimu. Kama kuna jiko mnalolijua ambalo lina watu mwaka mzima, naomba mnieleze wanafanyaje.

#2 Kibaba_cha_Mchele (Dar es Salaam)

Mkuu, shukrani kwa uzi. Hapo kwenye thawabu sikubaliani nawe.

Kujitolea kuna gharama ambayo wenye majiko hawaihesabu. Mwanafunzi anayekaa Mbagala na jiko liko Kariakoo analipa nauli kwenda na kurudi, anapoteza nusu siku ambayo angeweza kufanya kibarua, na pengine anaondoka kabla hajala, kwa sababu anaona haya kula chakula kilichopikiwa wahitaji. Mwezi wa Ramadhani watu wengi wa Pwani hutoka kazini mapema, na wakati wa Krismasi shule na vyuo vimefungwa, kwa hiyo watu wana muda. Unachokiona wewe ni kalenda ya nafasi, lakini umeisoma kama kalenda ya imani. Jaribuni kuwalipia nauli vijana kwa miezi miwili ya kawaida, kisha urudi utueleze.

#3 Kamera_Chini (Nairobi)

Nauli ni kweli, lakini haielezi kwa nini watu wenye magari nao hutoweka.

Mimi naona chanzo ni picha. Siku za sikukuu huja makundi yaliyovaa fulana za rangi moja, wanapakua sahani chache, wanapiga picha na watoto, wanapandisha mtandaoni na kuondoka kabla sufuria hazijaoshwa. Siku ya kawaida haina wa kuipongeza picha hiyo. Ubaya wa jambo hili hauishii kwenye maringo, kwa kuwa ugawaji unaofanywa na watu wasiojuana wao kwa wao, wala hawajuani na wanaopokea, ni hatari. Tukumbuke Kibera, Ijumaa ya tarehe 10 Aprili 2020, wakati wa vizuizi vya korona: ugawaji wa chakula uligeuka mkanyagano, vitoa machozi vikarushwa, na watu wakaumia wakitafuta unga na mafuta ya kupikia. Panapokuwa na wahudumu wa kila wiki, mstari hujipanga wenyewe, kwa sababu anayesimama nyuma anaamini kwamba chakula kitamfikia.

#4 BintiMakueni

MwikoMrefu ameuliza kuhusu jiko lenye watu mwaka mzima, nami nimekulia karibu na moja.

Anayesafiri kwa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi anaijua Makindu, na huenda amewahi kusimama pale kwenye hekalu la Masingasinga. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa mikono na kuingia kula. Hakuna anayekuuliza dini, kabila wala unakotoka. Utapewa chapati, dengu, mboga, wali na chai ya maziwa, na ukitaka kuacha sadaka utaacha, na usipoacha hakuna atakayekukumbusha. Dereva wa lori, familia inayorudi ushago na mtu asiye na senti mfukoni wanakula chakula kile kile kutoka sufuria ile ile.

Mwenye shida anaingia kwa mlango ule ule anaoingilia mwenye gari, kwa hiyo huwezi kumjua kwa kumtazama. Kazi nayo imewekwa ndani ya ibada yenyewe. Kukanda unga, kusukuma chapati, kufagia na kuosha vyombo ni huduma ambayo Singasinga anaihesabu kuwa sehemu ya dini yake kama sala ilivyo, na tajiri haruki zamu ya kuosha sahani kwa sababu ya utajiri wake. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwanzisha uzi: thawabu inaweza kumleta mtu jikoni mwaka mzima, ikiwa dini imeifungamanisha na kazi ya kila siku badala ya mwezi mmoja.

#5 Reli_ya_Kale

BintiMakueni ameeleza vizuri. Niongeze kwamba hekalu lile lilijengwa mwaka 1901 na wajenzi wa reli, na kwamba hawapiki nyama kwa sababu Masingasinga hawali nyama.

#6 BintiMakueni

Ndugu Reli_ya_Kale, asante, lakini turekebishe mawili. Mwaka 1901 ndio reli ilifika Ziwa Viktoria, baada ya kuanza Mombasa mwaka 1896. Hekalu la Makindu ni la mwaka 1926, na ni kweli kwamba historia yake inafungamana na Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli. Kuhusu nyama, Masingasinga wengi wanakula. Chakula cha hekaluni hakitiwi nyama ili mtu wa dini yoyote aketi ale bila wasiwasi, na utaratibu huo wa jiko la wote ulianza India zama za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, aliyezaliwa mwaka 1469. Kule Amritsar jiko kama hilo hulisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku.

#7 Afisa_Afya_Mstaafu

Nimesoma kwa makini, na naomba kuuliza upande wa pili: ni nani alisema kwamba jiko linahitaji watu wengi?

Katika kazi yangu nilikagua majiko ya shule, ya hoteli na ya misaada, na yaliyonitia hofu zaidi ni yale yaliyojaa watu wenye moyo mwema wasio na mafunzo. Hapa Kenya anayeshughulikia chakula cha umma anatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi 6 na kuwa na cheti. Majiko mengi ya kujitolea hayaulizi hilo wakati wa msimu, yanamkabidhi mtu upawa kwa sababu tu amekuja. Wali uliopikwa asubuhi unafunikwa kwenye sufuria kubwa, unapoa polepole hadi alasiri, kisha unapashwa moto juu juu na kugawiwa. Bakteria aitwaye Bacillus cereus ana mbegu ambazo hazifi kwa kuchemka, na wali ukikaa vuguvugu mbegu hizo huota na kutoa sumu ambayo moto wa pili hauiondoi. Chakula ama kiwekwe moto wa nyuzi 60 na zaidi mpaka kinapogawiwa, ama kipozwe haraka kwenye masinia mapana. Hakuna njia ya katikati.

Jambo jingine ni mahindi ya msaada. BintiMakueni atakumbuka mwaka 2004, watu wa Makueni, Kitui na jirani zake walipokula mahindi yaliyokuwa na sumukuvu: wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao walikufa. Sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kuosha. Mtu akileta gunia la mahindi kwa nia njema, yapimwe unyevu, usizidi asilimia 13.5, na yenye ukungu yakataliwe hata kama aliyeyaleta ni mheshimiwa. Kukataa gunia la bure mbele ya watu wenye njaa kunahitaji mtu anayejua kwa nini analikataa, na mtu huyo hapatikani kwa kufika jikoni mara moja wakati wa Krismasi.

Kwa hiyo mimi sihuzuniki wageni wa msimu wanapoondoka. Kinachonihuzunisha ni jiko kukosa watano waliofunzwa.

#8 MwikoMrefu

Mzee wangu, nimekusoma na nimefaidika, hasa hapo kwenye wali. Tatizo ni kwamba watano hao tunawapata wapi, ikiwa hawatoki miongoni mwa wale wanaokuja msimu? Mtu hawezi kufunzwa asipoonekana.

#9 Ughaibuni_Kaskazini (Ujerumani)

Salaam. Huku ninakoishi kuna mtandao uitwao Tafel, ulioanzia Berlin mwaka 1993, na sasa una matawi zaidi ya 900. Wanakusanya vyakula ambavyo maduka hayakuviuza lakini bado vinafaa kuliwa, wanachambua, kisha wanawagawia wenye kipato kidogo. Mimi husaidia tawi la mji wetu.

Jambo la kwanza nililoliona ni umri. Wengi wa wahudumu ni wastaafu wenye pensheni, na nyumbani hakuna mtoto wa kulea. Kila mmoja ana zamu yake kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na asiyeweza kuja anapiga simu mapema. Kibaba_cha_Mchele amesema kweli: kujitolea kwa mwaka mzima ni kazi ya mtu ambaye riziki yake imeshahakikishwa. Sisi tunawategemea vijana ambao wao wenyewe hawajui watakula nini kesho.

Nisiwapambie, maana huku nako kuna mivutano. Mwanzoni mwa mwaka 2018 tawi la mji wa Essen lilisitisha kwa muda kuandikisha watu wapya wasio raia wa Ujerumani, na nchi nzima ikabishana. Ratiba nzuri haikuwaepusha na swali la nani anastahili kula.

#10 Reli_ya_Kale

Kwa jirani zao Wafaransa kuna sheria tangu mwaka 2016 inayozuia maduka makubwa, yale yanayozidi mita za mraba 400, kuharibu chakula kinachofaa. Kwetu soko likifungwa jioni, nyanya na mboga zinabaki chini zikikanyagwa, na hakuna jiko lenye mkokoteni wa kwenda kuziokota kabla hazijaharibika.

#11 Bi_Shughuli (Tanga)

Wanangu, nimewasoma wote na ninashangaa kwamba hakuna aliyetaja arusi na matanga.

Sisi wanawake wa Pwani tunajitolea kila wiki, mwaka mzima, bila ratiba ya ukutani na bila nauli ya mtu. Ukitokea msiba, alfajiri wanawake wamekwisha fika uani, kila mmoja na kisu chake na mwingine na mbuzi yake ya kukunia nazi. Wengine wako kwenye ungo wanachambua mchele, wengine wamezunguka karai la vitunguu, na yule anayejua moto ndiye anayekaa mafigani wala hakuna anayemwingilia. Hakuna anayegawa kazi kwa sauti, na watu mia tatu wanakula saa saba. Usiniambie kwamba watu hao hawajui kujitolea.

Tofauti ni kwamba shughuli hulipwa kwa shughuli. Nikija kwako utakuja kwangu, na nisipokuja, siku nitakayofiwa nitaukuta ua wangu mtupu. Jiko la wahitaji halina daftari hilo. Yule mzee unayempa sahani hana ua wa kukualika wala arusi ya kukuita, na hata ukikosa kwenda mwezi mzima hakuna atakayekununia. Ramadhani na Krismasi huziba pengo hilo kwa sababu siku hizo Mwenyezi Mungu ndiye anayetarajiwa kulipa. Ukitaka watu wa Mfungo Mosi, tafuta namna ya jiko kuingia kwenye mzunguko wa kudaiana. Mathalani, jiko lipike kwenye misiba ya wale wanaojitolea.

#12 Kamera_Chini

Bi_Shughuli, shikamoo. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote hadi sasa, pamoja na yangu. Lakini mjini watu wamekodi vyumba, hawajuani na jirani wa ukuta wa pili, na misiba wanaisafirisha kwenda mashambani. Daftari la kudaiana unaloliongelea limebaki kwenye miji ya zamani.

#13 Bi_Shughuli

Marahaba mwanangu. Chama cha kupeana na cha kuzikana kiko hadi kwenye hivyo vyumba vya kukodi, muulize mama yeyote anayeuza mboga mtaani kwako. Daftari lipo, ila halikuandikwa jina lako.

#14 Niliwahi_Kula

Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili bila kuandika, lakini leo nitaandika, kwa sababu nyote mnazungumza mkiwa upande wa ndani wa meza.

Nilipoachishwa kazi nilikula kwenye jiko la namna hii kwa muda, katika mji ambao sitautaja. Chakula kilikuwa kizuri na waliokipika walikuwa watu wema. Kilichonichosha ni kuandikishwa upya kila mara kama vile sijawahi kuonekana, na kuambiwa nishike sahani juu kidogo ili ionekane kwenye picha, jambo ambalo Kamera_Chini amelisema kweli. Wahudumu wa msimu walikuwa wakinitazama kwa huruma iliyopita kiasi, na mmoja alinisemesha polepole kama mtoto, ilhali nilikuwa nimesomea uhasibu. Mama mmoja wa siku zote hakuwa hivyo. Aliniuliza kama kiuno kimepona, akanipa kipande cha ukoko kwa sababu alijua ninaupenda, akapita kwa mwingine.

Niliomba kuosha sufuria. Zilikuwa zimerundikana pale uani, majivu na ukoko umegandamana, na hakuna aliyekuwa akizigombania. Niliambiwa kwa upole kwamba hapana, wewe ni mgeni wetu, keti upumzike. Niliomba tena siku nyingine nikajibiwa vivyo hivyo. Mtu mwenye mikono miwili na siku nzima isiyo na kazi alikuwa ameketi kwenye benchi, na wenye jiko wakilalamika kwamba hawana watu.

Kwa hiyo nikimjibu MwikoMrefu moja kwa moja, watu wa kujitolea wa Mfungo Mosi wako kwenye mstari wako. Na nikimjibu Bi_Shughuli kwa heshima, sisi tunaopokea tunaweza kuingia kwenye daftari lako, ila mmelifunga kwa kutuita wageni.

#15 BintiMakueni

Niliwahi_Kula, asante kwa kuandika. Hekaluni ungeosha sahani bila kuomba ruhusa ya mtu.

#16 Afisa_Afya_Mstaafu

Nakubaliana na sehemu kubwa ya #14, na naongeza jambo la kiutendaji. Kuosha vyombo, kuchota maji, kupanga kuni na kusimamia mstari hakumgusishi mtu na chakula kilichoiva, kwa hiyo jiko linaweza kumpokea mtu siku hiyo hiyo. Kupika na kupakua kungoje vipimo. Hata hivyo jiko lisimlipishe cheti mtu asiye na kitu. Gharama hiyo iwe ya jiko.

#17 Mpishi_wa_Shule (Kiambu)

Mimi nimepikia shule kwa miaka mingi, na wazo la kujitolea lenyewe linanipa shida.

Sufuria ya lita mia mbili si mchezo. Kugeuza ugali wa watu mia mbili kunahitaji mgongo na mbinu, na asiyejua atajichoma au atautoa na mabuje. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili, na yasipochemshwa kwa moto mkali kwa dakika 10 au zaidi baada ya kurowekwa na kumwaga yale maji, yatawatapisha watu hata kama yanaonekana yameiva. Moto mdogo wa makaa uliofunikwa kwa kawa hautoshi. Kazi ya namna hii mnawezaje kuitarajia kwa mtu asiyelipwa, wiki baada ya wiki?

Tazameni Food4Education, ambayo Wawira Njiru aliianza Ruiru mwaka 2012. Leo wana majiko makubwa yanayopikia wanafunzi wa shule za umma, mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa na kupewa sahani, na katika mpango wa Nairobi ulioanza mwaka 2023 mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo. Wapishi wanalipwa. Mtoto analipiwa kitu, hata kama ni kidogo, na hakuna anayemtazama kwa huruma. Wale hawana swali la MwikoMrefu kwa sababu hawategemei mioyo ya watu wa msimu.

#18 Kibaba_cha_Mchele

Mpishi_wa_Shule, mfano wako ni mzuri lakini ule ni mpango wa wanafunzi, una serikali ya kaunti na wafadhili nyuma yake. Mzee asiye na watu hayuko kwenye daftari la shule. Nani atamchangia gharama iliyobaki?

Nikirudi kwenye gharama, kuna jambo dogo lililotupunguzia watu na walaji pia. Zamani mtu alipewa wali kwenye mfuko wa nailoni akampelekea mgonjwa nyumbani. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku mwaka 2017 tumehangaika na vifungashio, na vile vya karatasi ni ghali.

#19 Reli_ya_Kale

Leo ni zamu yangu kurekebisha. Mwaka 2017, mwezi Agosti, ni marufuku ya Kenya. Tanzania ilianza tarehe 1 Juni 2019. Wewe uko Dar, kwa hiyo mlikuwa na karibu miaka miwili ya kujiandaa.

#20 Kibaba_cha_Mchele

Nimepokea, ndugu yangu, naona bado unalipiza ya #6.

#21 Niliwahi_Kula

Kuhusu vifungashio, sisi tulikuwa tunakuja na hotpoti na makopo yetu yenye vifuniko, na wenye wagonjwa nyumbani walijulikana. Walijulikana kwa yule mama wa siku zote. Wahudumu wa msimu walidhani ni ulafi, wakawakatalia.

#22 MwikoMrefu

Nimekaa kimya ili nisome. Naomba nijibu machache.

Mpishi_wa_Shule, jiko letu lina mpishi mmoja anayelipwa, kwa sababu hizo hizo ulizozitaja. Kuni, mchele na mshahara wake tunavipata kwa michango ya wafanyabiashara wa mtaa, na karibu yote huingia Ramadhani, pamoja na fidia za wale wasioweza kufunga. Kwa hiyo hata pesa ina msimu wake kama watu. Bi_Shughuli, habari ya jiko kupika kwenye misiba ya wahudumu nimeipeleka kwa wenzangu na wameipenda, ingawa mmoja aliuliza mwenye arusi kubwa akituita kila wiki tutamkataliaje.

Niliwahi_Kula, yako ndiyo inayonikalia moyoni. Kwetu pia tuna desturi ya kumwambia mtu akae apumzike, na tuliichukulia kuwa heshima, kwa kuwa mgeni wa Mswahili haoshi sufuria. Hofu ya baadhi ya wenzangu ni kwamba mtu akianza kuosha ili ale, yule mgonjwa na yule mkongwe wasioweza kuosha wataonekana wanakula bure. Ninaiona hoja yao. Ungeshauri tufanyeje?

#23 Niliwahi_Kula

Mkuu, sahani iende kwanza, kazi iulizwe baadaye, na iulizwe kwa wote, hata kwa yule mkongwe. Kuna bibi mmoja pale aliyekuwa hawezi kusimama, lakini angeweza kuchambua mchele akiwa ameketi, na macho yake yalikuwa yakiona kokoto kuliko ya vijana wote wa fulana. Asiyetaka asilazimishwe wala asitazamwe.

#24 Kamera_Chini

Naunga mkono, na simu ziachwe mlangoni pamoja na viatu, kama ni jiko la kuvua viatu.

#25 Ughaibuni_Kaskazini

Huku baadhi ya wanaopokea nao huhudumu kwenye matawi, na tuligundua shida moja: wengine wakaanza kusema kwamba anayehudumu anajichagulia vilivyo bora kabla ya wenzake. Ikabidi kuwe na kanuni kwamba mhudumu anapokea mwisho. Isije ikawa nanyi mnajenga tabaka jingine ndani ya mstari.

#26 Bi_Shughuli

Uani pia apikaye hula mwisho, na ukoko ni wake, hilo halina ugomvi.

#27 Mpishi_wa_Shule

Mama, ukoko wa pilau au wa wali wa nazi? Maana nimesikia watu wa Mombasa na wa Unguja wakigombania hata hilo.

#28 Bi_Shughuli

Wa wali wa nazi, na Tanga haikuomba ushahidi wa Mombasa wala wa Unguja.

#29 Kibaba_cha_Mchele

Kabla hatujahamia kwenye ukoko moja kwa moja, mimi bado nina pingamizi. Niliwahi_Kula alikuwa mtu mzima mwenye afya aliyekosa kazi kwa muda. Wengi kwenye mstari wa kwetu ni vibarua ambao wakipata kazi saa moja asubuhi hawaji, na wakiikosa wanakuja wamechoka kwa kutembea kutoka lango hadi lango. Ukiwaweka kwenye zamu ya kuosha, siku wanayoitwa kazini jiko litabaki na sufuria chafu, nao watajiona wamevunja ahadi, na wiki inayofuata wataona haya kuja kula. Nauli na posho ndogo kwa vijana wachache wa kudumu bado naiona ndiyo njia, na mtu anionyeshe mahali ilipojaribiwa ikashindwa.

#30 Afisa_Afya_Mstaafu

Ilishindwa mahali fulani nilipokuwa nikikagua, kwa sababu mfadhili alisitisha posho na wote wakaondoka siku moja, pamoja na wale waliokuwa wakija bure kabla posho haijaanza. Nitaandika kwa kirefu kesho, maana sababu zake zilikuwa zaidi ya moja.